Throtobodi za pikipiki kwenye Corolla 110: kazi yote ipo kwenye menifoldi

Tangu gari yangu ianze kunguruma njia ya Fuoni, vijana hawaishi kunisimamisha kuuliza nimezinunua wapi "zile nne". Nawajibu: ni throtobodi, yaani milango ya kuingizia hewa kwenye injini, za Suzuki GSX-R600, zimetolewa kwenye pikipiki iliyovunjwa Uingereza, zikaja Unguja ndani ya kifurushi. Wengi hapo hutoa simu, wakaandika jina, wakaenda zao. Wangekaa kidogo ningewaambia kuwa throtobodi ni kitu cha kununua tu. Kinachokula pesa na usingizi ni kile kipande cha kuziunganisha na injini, yaani menifoldi, na hicho hukipati Darajani wala Kariakoo. Lazima kitengenezwe, tena kwa vipimo vya gari yako.

Injini yangu ni 5A-FE, ile ya lita moja na nusu ambayo kila fundi hapa visiwani anaifungua akiwa amefumba macho: silinda nne, valvu 16, nguvu za farasi kama 100 ilipotoka kiwandani. Kiwandani hupewa throtobodi moja, inayolisha silinda zote nne kupitia tumbo moja la hewa. Pikipiki za mbio zina throtobodi moja kwa kila silinda, kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kikiwa karibu kabisa na valvu, ndiyo maana ukikunja mkono kidogo tu zinaruka. Nilitaka gari yangu iitike hivyo. Nguvu zenyewe usizitarajie. Madhali kemshafti, ile ekseli inayofungua valvu, ni ya kiwandani, utapata farasi wachache ambao huwezi hata kuwahisi kwenye barabara zetu za matuta. Utakachopata ni mwitiko na sauti. Kama hivyo viwili havikutoshi, pesa yako itie kwenye breki na matairi.

Kabla hujalegeza bolti hata moja, fuata kila mpira unaoingia kwenye menifoldi ya zamani na uandike unatoka wapi. Kuna mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, inayousaidia mguu kukanyaga. Kuna mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya mgandamizo, ambayo 5A-FE huitegemea kujua injini inavuta hewa kiasi gani. Kuna valvu ya silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), inayopitisha hewa pembeni ya kipepeo ili injini isizime ukiachia mguu. Kuna mvuke wa oili kutoka kwenye kava ya valvu, kuna regyuleta ya petroli, kuna kishikio cha kebo. Menifoldi ile ikitoka, kila moja ya kazi hizo inabaki haina pa kukaa, na kupitisha hewa ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote. Nimeziona picha za menifoldi za watu zilizosuguliwa zikang'aa kama vikombe vya harusi, lakini hazina hata tundu moja la kuchukulia vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Gari hizo hazijapelekwa barabarani.

Kisha vipimo. Kwenye injini za Toyota za familia ya A, kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 87.5, kwa hiyo kutoka tundu la kwanza hadi la nne ni milimita 262.5. Throtobodi za pikipiki ya cc 600 zimebanana zaidi. Seti yangu ilikuwa fupi kwa karibu sentimita mbili na nusu, na nafasi ya katikati haikulingana na za pembeni. Wengine huzitenganisha moja moja, wakazipanua kwa nondo mpya na kutengeneza upya viungo vya kufungulia vipepeo. Inapendeza kwa macho, lakini kila kiungo kipya ni mahali pa kulegea, na kipepeo kimoja kikichelewa una silinda inayovuta tofauti na wenzake. Mimi niliziacha kama Suzuki walivyozifunga, nikainamisha mikono ya menifoldi, yale mabomba manne ya hewa. Sentimita mbili na nusu ukizigawa pande mbili, kila mkono wa pembeni unasogea kama milimita 13. Kwa mkono wa sentimita 12, hiyo ni pembe ya nyuzi sita hivi, na hewa haina shida na mpindo mdogo kama huo.

Urefu wa mikono haukuwa wa kuchagua tu. Mikono mirefu hulisaidia gari kwenye mizunguko ya chini, mifupi husaidia juu kabisa, mahali ambapo sisi wa Unguja hatufiki mara nyingi. Ningependa mirefu zaidi, lakini kwenye Corolla hii upande wa kuingiza hewa upo nyuma ya injini, unatazama bodi, na nafasi ni finyu. Faida yake ni kwamba petroli inakaa mbali na ekzosi, iliyo mbele. Nikakata mfano wa kadibodi, nikabandika donge la udongo kwenye ncha, nikaufunga mahali pa menifoldi ya baadaye. Mwenzangu akakanyaga breki, akatia gia ya D, akagusa mafuta. Injini inapobeba mzigo huinama kwenye maunti zake, ile mipira inayoishikilia, na maunti za gari ya umri huu huinama zaidi. Udongo ulirudi umebonyea. Bila ya kipimo kile, throtobodi zingekuwa zinagonga bodi kila nikiondoka kwenye taa.

Throtobodi zenyewe zina la kufanyiwa kabla ya kufungwa. Hizi za GSX-R zina vipepeo viwili kila tundu: cha chini kinaendeshwa na kebo, cha juu kinaendeshwa na mota inayoamriwa na kompyuta ya pikipiki. Kompyuta hiyo hunayo, kwa hiyo vya juu vinatoka, na matundu ya ekseli yake yanazibwa. Skrubu zake ni ndogo sana na zimegongwa ncha ili zisifunguke. Usizilazimishe kwa bisibisi. Zisugue ncha kwanza kwa tupa ndogo. Zile za vipepeo vinavyobaki zikague moja moja, uzitie gundi ya kuzuia skrubu kulegea, kwa sababu skrubu moja ikianguka ndani inakwenda moja kwa moja kwenye silinda.

Tukaja kwenye chuma au aluminiamu. Chuma huchomelewa na fundi yeyote wa Mwanakwerekwe, ni rahisi, na kwa mtu wa bajeti ndogo sitamcheka. Ubaya wake ni uzito, na kutu ya hewa ya bahari inayoanzia kwa ndani usipoiona, kisha maganda yake yanamezwa na injini. Nilitaka aluminiamu. Bamba la milimita 12 la flenji (uso unaofungwa kwenye injini) na mabomba nilivipata Dar es Salaam, lakini fundi wa kuchomelea nilimpata hapahapa, mzee mmoja wa upande wa Mtoni ambaye kazi yake ni ngazi na matangi ya boti za watalii. Ana mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni, na mkono wake haujawahi kunitia shaka. Nilimwamkia, nikamwekea vipande mezani. Akaigeuza throtobodi mara mbili tatu.

"Sasa mwanangu, Toyota wamekupa menifoldi nzima, wewe unataka ya pikipiki?"

"Nataka gari iwe nyepesi mguuni, ami."

"Haya. Lakini mimi flenji siichomi ikiwa wazi. Nikikuchomea hivi itapinda mpaka ufikiri nimekukomoa. Nenda katafute hedi mbovu, tuifunge humo kwanza."

Shauri hilo peke yake lilistahili ujira wote. Hedi, yaani kichwa cha injini, iliyopasuka niliipata gereji kwa bei ya chuma chakavu. Tuliifunga flenji juu yake kwa bolti zote, na kuanzia hapo hedi ile ndiyo iliyokuwa meza ya kazi.

Tundu la kuingiza hewa la hedi hii ni la mviringo mrefu, na bomba ni duara. Lazima ncha ya bomba ibanwe, na aluminiamu ngumu ukiibana ikiwa baridi inapasuka. Mzee alichukua sabuni ya mche, akaipaka ncha ya bomba nje yote, akawasha moto wa gesi akauzungusha taratibu. Aluminiamu haigeuki nyekundu ikipata moto. Inakaa vilevile mpaka ghafla inayeyuka. Sabuni ndiyo inayokupa habari. Ilianza kahawia, ikawa nyeusi kabisa, hapo akauondoa moto na kuliacha bomba lipoe. Baada ya hapo lililainika, akalitia kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya ubao na kulikaza nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, kila mara akilijaribisha kwenye gasketi ya kiwandani tuliyoitumia kama kigezo. Ndani tulimalizia kwa tupa na msasa hadi kidole kikapita kutoka kwenye bomba hadi kwenye flenji bila kugota.

Kuchomelea kwenyewe kulifanywa asubuhi, kabla umeme haujaanza kushuka kama kawaida ya jioni. Kila mahali pa kuchomwa pasuguliwe kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, ambayo haijagusa kitu kingine, kisha pafutwe kwa asitoni. Alichoma kipande kifupi kwenye mkono wa kwanza, akaruka wa nne, akarudi wa pili, akaenda wa tatu, joto lisikusanyike mahali pamoja. Alipomaliza alikataa kufungua bolti. Ilipoa humo hadi kesho yake.

Na bado ilipinda. Niliweka rula ya chuma juu ya uso wa flenji, nikainua juani, nikaona mwanga unapita katikati. Fila geji (kibati cha kupimia upenyo) ya nusu milimita ikaingia bila kusukumwa. Kwenye gasketi ya karatasi, hiyo ni gari isiyotulia maisha yake yote. Msasa juu ya kioo kinene huondoa makosa madogo, lakini kwa nusu milimita utasugua mpaka mikono iote sugu. Niliipeleka kwenye karakana inayosaga hedi zilizounguzwa, wakaisaga kama hedi nyingine yoyote. Kwa hiyo usinunue bamba la milimita nane eti kwa kubana matumizi: lazima ubaki na unene wa kusagwa.

Baina ya mikono na throtobodi panahitaji mpira, ili mtikisiko wa injini usizichoshe. Wengi wetu tunakimbilia mipira ya silikoni ya rangi, ile inayopendeza. Tatizo ni kwamba nozeli za pikipiki zinamwaga petroli baada ya kipepeo, kwa hiyo petroli inaupitia mpira kila sekunde, na silikoni ya kawaida haipatani na petroli. Hulainika, ikavimba, ikaanza kutoa jasho. Tumia mipira ya pikipiki yenyewe, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo. Unaponunua throtobodi hakikisha inakuja pamoja. Ncha za mikono ya menifoldi zilikerezwa kuifuata mipira, pamoja na ule ukingo mdogo wa kuizuia isichomoke.

Nozeli za pikipiki nilizibakisha. Pikipiki ya mbio ya cc 600 inatoa farasi zaidi ya 100, kwa hiyo nozeli zake zinaimudu 5A-FE bila taabu. Reli ya petroli ijaribu pampu ikiwa imewashwa na injini imezimwa, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi na si ndani ya nyumba.

Vakyumu ndiyo iliyonitesa. Kila mkono una tundu dogo lenye kinywa cha shaba. Vinne hivyo vinakutana kwenye kichupa cha aluminiamu, na kutoka hapo ndipo vinapoondoka vya sensa, regyuleta na valvu ya silensa. Kwenye throtobodi moja kubwa, vakyumu ni tulivu. Kwenye nne, kila silinda inavuta kivyake na ishara inarukaruka, na kichupa ndicho kinachoituliza. Mwanzoni busta ya breki nayo ilikuwa inakula kwenye mpira mwembamba wa kichupa. Gari ikiwa imesimama, kanyagio lilikuwa laini. Nikaingia barabarani, nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga tena haraka kabla ya tuta: kanyagio gumu kama jiwe. Gari ilisimama kwa nguvu za mguu tu. Busta inahitaji bomba nene, lenye valvu yake ya kuzuia hewa isirudi, na yangu sasa inachukua kwenye mkono wa pili moja kwa moja. Jaribu breki mara tatu mfululizo ukiwa umeegesha, injini ikiwa kwenye silensa, kabla hujatoka getini. Kanyagio likiwa gumu mara ya tatu, usitoke.

Kebo nayo ina la kusema. Gurudumu la kebo kwenye throtobodi za pikipiki ni dogo, na kanyagio la gari lina mwendo mrefu, kwa hiyo ukigusa tu vipepeo vimefunguka nusu. Niliongeza kibati cha duara kubwa zaidi juu ya gurudumu, nikaweka kizuizi chini ya kanyagio ili mguu usiivute kebo ikapindisha ekseli. Springi ya kurudishia iwe na nguvu, tena ziwe mbili.

Kontroli boksi ya kiwandani, ile kompyuta ya injini, haikuweza. Inategemea sensa ya mgandamizo, na hata kwa kichupa ishara ilikuwa haisomeki vizuri kipepeo kikishafunguka kidogo. Nilihamia Speeduino, kontroli ya wazi inayojengwa juu ya kibao cha saketi cha Arduino Mega, na ishara za mzunguko nikazichukua kwenye distribyuta ileile. Petroli sasa inapimwa kwa ufunguko wa vipepeo na kasi ya injini. Njia hiyo inalaumiwa kwa kutojua mabadiliko ya hewa ya milimani, lakini sisi tupo usawa wa bahari kutoka Nungwi hadi Makunduchi. Linalohitaji uangalifu ni ramani yenyewe, lile jedwali la kiasi cha petroli: kwenye throtobodi nne, robo tu ya ufunguko katika mizunguko ya chini inaleta karibu hewa yote injini inayoweza kuvuta. Visanduku vingi vya jedwali viwekwe huko chini, kati ya sifuri na robo. Na bila sensa pana ya ekzosi, inayoonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli, usijaribu kutyuni kwa harufu, utachoma pistoni.

Kusawazisha vipepeo hakuhitaji mashine ya bei. Nilinunua mpira ule mwangavu wanaotumia waashi kupimia levo, nikaupigilia kwenye ubao kwa umbo la U, nikatia oili ya tustroki hadi nusu. Ncha moja kwenye kinywa cha silinda ya kwanza, nyingine ya pili, na kwa kila ncha nikabana kipande chembamba cha kupunguza kasi. Injini ikiwaka, oili hupanda upande unaovuta zaidi; unageuza skrubu mpaka pande zote zilingane. Kisha ya tatu na ya nne, mwisho jozi kwa jozi. Mpira uwe mrefu, urefu wa mtu mzima kila upande, la sivyo tofauti ikiwa kubwa oili yote inamezwa na mtaa mzima unapata moshi. Yangu ilimezwa.

Baada ya kusawazisha, silensa ilikuwa bado inapanda na kushuka, na nikitia D na kiyoyozi pamoja gari inataka kuzima. Hapo usirudi kwenye laptopu. Tafuta hewa ya wizi kwanza: nyunyiza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye kila kiungo, injini ikiwa baridi, na usikilize. Mlio ulibadilika kwenye kinywa kimoja cha shaba kilichokuwa na nyuzi legevu. Tulikitoa, tukakitia gundi, silensa ikatulia.

Gharama, kwa anayetaka kujua: throtobodi na usafiri na ushuru wake kama laki nne, aluminiamu laki na nusu, fundi laki mbili, kusaga flenji elfu arubaini, Speeduino na waya zake na sensa zinakaribia laki tisa, kisha mipira, klipu, bolti, petroli ya kutyunia na soda za mafundi. Milioni mbili haikurudi na chenji. Ulaji wa petroli mjini umepanda kidogo, hasa kwa sababu ya mguu wangu.

Usiendeshe vinywa vya throtobodi vikiwa wazi kwa ajili ya sauti. Vumbi letu la mawe ya chokaa ni jepesi na linakata. Mimi nimevivalisha vichujio vya sponji vyenye oili, na huvifua kila baada ya wiki chache, zaidi nikishapita njia za shamba. Bolti za chuma ndani ya aluminiamu nazipaka grisi ya shaba na kuzilegeza na kuzikaza tena mara kwa mara, maana kwa chumvi hii zikikaa mwaka mzima hazitoki mpaka zikatwe. Mpira wa silinda ya nne umeanza kupasuka ukingoni, ulikuja mkuukuu na pikipiki yake, kwa hiyo nimeagiza seti nzima mipya pamoja na klipu zake.